Magadi, Mizizi na Utando wa Mafuta: Kwa Nini Maharage Hukauka Penye Udongo wa Chumvi

Katika Wilaya za Mbulu na Hanang yako mashamba ambayo mkulima hupanda mbegu njema, hupalilia kwa wakati, na mvua hunyesha ya kutosha, lakini maharage hukauka yangali machanga. Ukichimba chini ya shina unakuta udongo una unyevu. Ukitazama majani unaona ncha na kingo zake zimeungua kana kwamba zimepitishwa motoni. Mkulima husema, "Shamba limechoka," kisha huongeza mbolea. Na mbolea hiyo huzidisha madhara. Mwisho wake amepoteza mbegu, amepoteza fedha za mbolea, na amepoteza kazi ya msimu mzima.

Mara nyingi ugonjwa wa shamba la namna hii ni chumvi au magadi. Dawa yake ipo, lakini ukitumia dawa isiyo yake utaharibu zaidi. Maelezo haya yanakuonyesha jambo linalotokea ndani ya mzizi, ili ujue kwa nini dawa moja hufaa na nyingine haifai.

CHUMVI HUTOKA WAPI

Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, ni mlima wa volkeno. Mawe ya volkeno katika Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi, na sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi ya mezani na katika magadi. Mvua huyayusha mawe hayo kidogo kidogo, na maji huichukua sodiamu mpaka mabondeni. Maji ya Ziwa Balangida hayana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi ikabaki. Ndiyo maana watu wa Hanang wamechota chumvi pale tangu zamani. Balangida Lelu ni vivyo hivyo, na Ziwa Manyara nalo ni la magadi.

Jambo hilo hilo huweza kutokea shambani. Penye bonde tambarare, maji ya chini yakiwa karibu, udongo huyanyonya maji juu kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Jua hukausha maji, chumvi hubaki juu. Kadhalika mkulima anayemwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvi huleta chumvi shambani mwake kila siku anapofungua mfereji.

Si ardhi yote iliyo hivyo. Katika nyanda za juu za Mbulu, mvua nyingi imesafisha udongo kwa miaka mingi, na mara nyingi taabu ya huko ni uchachu, wala si magadi. Basi usichukue dawa ya shamba la bondeni ukaipeleka mlimani, wala ya mlimani ukaileta bondeni.

CHUMVI IKIYEYUKA HUWA NINI

Chukua chembe ya chumvi uitie katika maji. Haionekani tena, lakini haikupotea. Imegawanyika katika vipande vidogo mno vyenye nguvu ya umeme, vingine vya upande wa chanya na vingine vya upande wa hasi. Vipande hivyo huitwa ioni. Chumvi ya mezani hutoa ioni za sodiamu na za klorini. Mbolea pia ni chumvi: ikiyeyuka hutoa ioni za potasiamu, za naitrojeni na za fosfeti. Kwa hiyo chakula cha mmea na sumu ya mmea vyote hufika mzizini kwa namna moja, yaani vikiwa ioni ndani ya maji. Mzizi lazima uchague.

UTANDO WA MAFUTA

Mzizi umejengwa kwa vyumba vidogo viitwavyo seli, visivyoonekana kwa jicho tupu. Kila seli ina ukuta mgumu kwa nje, na ndani ya ukuta huo kuna utando mwembamba unaoizunguka seli yote. Ukipanga tando kama hizo yapata elfu kumi, moja juu ya nyingine, ndipo unene wake hukaribia ule wa karatasi moja ya daftari.

Utando huo umefanywa kwa mafuta. Katika miaka ya 1890, mtaalamu Charles Ernest Overton aliyefanya kazi Zurich, Uswisi, alitazama nywele za mizizi akaona kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia upesi ndani ya seli, na vile visivyoyeyuka katika mafuta huchelewa au hukataliwa. Akafahamu kwamba mlinzi wa seli ana asili ya mafuta. Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel wa Leiden, Uholanzi, walipima mafuta ya tando za seli za damu wakaonyesha kwamba yamepangwa katika safu mbili.

Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Basi hujipanga safu mbili, vichwa vikielekea nje kwenye maji, na mikia ikifichwa katikati. Ioni inapenda maji sana. Ikifika kwenye mikia ya mafuta haiwezi kupita, kama vile tone la maji lisivyoingia katika kitambaa kilichopakwa mafuta. Huu ndio ulinzi wa kwanza wa mmea.

MILANGO NA PAMPU

Lakini mmea ukifungiwa kabisa utakufa njaa. Kwa hiyo ndani ya utando wa mafuta zimo protini ambazo ni milango, na nyingine ambazo ni pampu. Mlango wa potasiamu huiruhusu potasiamu kupita. Pampu husukuma ioni za haidrojeni nje ya seli, na kwa nguvu hiyo vyakula vingine huvutwa kuingia. Zipo pia protini zinazotoa nje sodiamu iliyokwisha kuingia, na nyingine zinazoifungia katika ghala lililo ndani ya seli, mahali isipoweza kudhuru.

Pampu hizi hutumia nguvu. Mzizi huipata nguvu hiyo kwa sukari itokayo kwenye majani na kwa hewa iliyomo katika udongo. Shamba likituama maji, hewa hutoweka, pampu hulegea, na sodiamu huingia bila kizuizi. Ndiyo sababu chumvi pamoja na maji yaliyotuama huua mazao upesi kuliko chumvi peke yake.

MAFUTA SI YA AINA MOJA

Kila mama wa Mbulu anajua kwamba asubuhi ya baridi mwezi wa saba samli huganda katika chombo, na mafuta ya alizeti yaliyo karibu yake hubaki maji. Mafuta ya utando yana tabia hiyo hiyo. Yako yanayoganda upesi na yako yanayobaki laini hata penye baridi.

Utando ukiganda, protini zilizomo hukwama kama mlango uliovimba, na pampu hufanya kazi polepole. Ndiyo sababu moja ya mahindi machanga katika udongo wa baridi kugeuka rangi ya zambarau, ingawa fosfeti imo ardhini: mzizi hauwezi kuivuta ya kutosha. Utando ukiwa laini kupita kiasi, nao huvuja. Ioni hupenya mahali pasipo mlango. Mmea hutafuta kiasi cha katikati, na hubadili mafuta yake kidogo kidogo kwa kadiri ya joto na chumvi unavyokutana navyo. Mazao hayalingani katika kazi hiyo. Shayiri na ngano huimudu vizuri kuliko maharage.

Tena mafuta haya si ukuta mtupu. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature kwamba, katika mmea mdogo wa jamii ya kabichi, aina fulani ya mafuta ya utando hushika sodiamu iliyo nje ya seli, na mara hiyo milango ya kalsiamu hufunguka na mmea wote hupata habari kwamba chumvi imefika. Yaani mafuta yenyewe ndiyo huionja chumvi na kupiga mbiu.

KALSIAMU NDIYO HUSHIKAMANISHA

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwa mkulima. Vichwa vingi vya mafuta ya utando vina umeme wa hasi, na kwa kawaida vitu vya hasi husukumana. Ioni ya kalsiamu ina umeme wa chanya maradufu, basi hukamata vichwa viwili kwa pamoja kama kamba inayofunga fito mbili. Penye kalsiamu ya kutosha utando husimama imara na mzizi huweza kuchagua. Sodiamu ina umeme mmoja tu. Ikizidi sana huisukuma kalsiamu ikakaa mahali pake, lakini haiwezi kufunga. Utando hulegea, potasiamu ya mmea huvuja nje, na sodiamu huingia ndani.

Jambo lililo karibu na hili hulioni shambani tu. Lipo hata jikoni. Maharage magumu yakipikwa kwa magadi huiva upesi. Sababu moja ni kwamba sodiamu ya magadi huiondoa kalsiamu inayoshikamanisha kuta za seli za maharage, na kuta hizo zikalainika. Katika chungu jambo hilo ni jema. Katika shamba, sodiamu hiyo hiyo huiondoa kalsiamu ya mzizi ulio hai, na huko ni mauti.

Wataalamu wa California, Marekani, walilithibitisha kwa maharage yenyewe. Mwaka 1961 Emanuel Epstein alionyesha kwamba mzizi hauwezi kuchagua vema kati ya potasiamu na sodiamu bila kalsiamu. Mwaka 1969 yeye na mwenzake LaHaye waliotesha maharage katika maji yenye chumvi kiasi cha moja ya kumi ya ile ya bahari. Penye kalsiamu kidogo, sodiamu ilipanda kwa wingi mpaka kwenye majani. Penye kalsiamu ya kutosha, sodiamu ilizuiwa isifike majanini, ingawa chumvi ya maji ilikuwa ile ile. Kalsiamu waliyotumia ilikuwa ya jasi.

KUTAMBUA SHAMBA LENYE TAABU

Tazama dalili hizi:

1. Ukoko mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi. Hii ni dalili ya chumvi.

2. Ukoko mweusi kama uliomwagiwa mafuta, na udongo unaokuwa utelezi ukilowa na mgumu kama tofali ukikauka. Hii ni dalili ya magadi.

3. Mimea kunyauka mchana ingawa udongo una unyevu, na majani ya chini kuungua kingo kwanza.

4. Mazao kuota mabaka mabaka, pengine pazuri na pengine patupu, katika shamba moja.

Fanya pia jaribio hili. Weka bonge dogo la udongo mkavu katika bilauri yenye maji safi ya mvua, usilitikise, uliache mpaka kesho yake. Maji yakiwa meupe kama ya maziwa yasiyotulia, yaelekea udongo una sodiamu nyingi. Bonge likivunjika na maji yakabaki maangavu, magadi si mengi.

Dalili hazitoshi. Kabla ya kutumia fedha, peleka udongo upimwe. Chota udongo mahali 10 mpaka 15 katika sehemu yenye taabu, kina cha futi moja, uchanganye, ukaushe kivulini, na utoe kilo moja. Fanya hivyo hivyo kwa sehemu nzuri, usichanganye na ile mbaya. Mwone Bwana Shamba wa kata akuelekeze. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania vilivyoko Selian, Arusha, na Mlingano, Tanga, vina wataalamu wa kazi hii. Mlingano hushughulikia hasa mambo ya udongo.

Mpimaji hupitisha umeme katika maji ya udongo. Ioni zikiwa nyingi, umeme hupita kwa wingi, na kipimo chake ni desisimensi kwa mita. Kwa mujibu wa vipimo vilivyochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), mavuno huanza kupungua, na kisha hufika nusu, katika viwango hivi:

Maharage: huanza 1.0, nusu 3.6.
Vitunguu: huanza 1.2, nusu 4.3.
Mahindi: huanza 1.7, nusu 5.9.
Ngano: huanza 6.0, nusu 13.
Shayiri: huanza 8.0, nusu 18.

Waona basi: udongo unaokatisha maharage nusu ya mavuno haujaigusa ngano. Lakini hata ngano na shayiri huwa dhaifu zikiwa changa, kwa hiyo panda wakati mvua imekwisha kuusafisha udongo wa juu. Uulize pia kipimo cha uchachu na magadi, kiitwacho pH. Kikizidi 8.5, mara nyingi ni udongo wa magadi.

MAMBO YA KUFANYA

Toa maji kwanza. Chimba mifereji ili maji yasituame. Bila mfereji, chumvi haina pa kwenda na mzizi hauna hewa.

Ikiwa ni chumvi tu, osha udongo kwa maji ya mvua. Piga matuta ya kuzuia maji yatulie na kuzama chini, kisha yatoke kwa mfereji. Chumvi huteremka pamoja nayo.

Ikiwa ni magadi, usioshe kabla ya kutia jasi. Maji safi peke yake katika udongo wa magadi huufanya uzibe zaidi. Jasi huleta kalsiamu. Kalsiamu huifukuza sodiamu iliyoshika udongo, na sodiamu hiyo huwa chumvi inayoyeyuka upesi, ambayo mvua huiosha. Udongo hufunguka, maji hupenya, na mzizi hupata kalsiamu ya kuimarisha utando wake. Jasi huchimbwa hapa nchini, mathalani Makanya katika Mkoa wa Kilimanjaro na Itigi katika Mkoa wa Singida. Kuisafirisha ni gharama, basi usianze na shamba zima. Jaribu kipande cha mita 10 kwa mita 10: tia kilo 30, uchanganye na udongo wa juu kabla ya mvua, na uache kipande kingine kama hicho kando yake bila kutia kitu. Linganisha mavuno ya vipande vyote viwili. Kiasi cha shamba lote kitatokana na kipimo cha udongo wako.

Tia samadi iliyooza vizuri, na funika udongo kwa mabua au nyasi. Samadi hufungua udongo, na matandazo huzuia jua lisivute chumvi juu.

Chagua zao kwa kadiri ya udongo. Penye chumvi kiasi, panda ngano, shayiri au alizeti badala ya maharage na vitunguu. Penye chumvi nyingi, acha pawe malisho. Nyasi ya Rhodes, ambayo asili yake ni Afrika, huvumilia chumvi, na ng'ombe huipenda.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitie chokaa katika udongo wa magadi. Chokaa ina kalsiamu, ni kweli, lakini katika udongo huo haiyeyuki, na fedha yako itakaa ardhini bure. Chokaa ni dawa ya udongo mchachu wa nyanda za juu, tena baada ya kupima.

Usitie majivu kwa wingi penye magadi, kwa maana majivu huongeza ukali ule ule.

Usimwage mbolea ya chumvichumvi juu ya mbegu. Hata katika udongo mzuri, mbolea ikigusa mbegu huiunguza, kwa kuwa nayo ni chumvi. Penye taabu ya chumvi itie kidogo kidogo, mbali na mbegu.

Usimwagilie kwa maji ya kisima yasiyopimwa. Maji ambayo ng'ombe huyanywa kwa hamu kwa ajili ya chumvi yake si lazima yafae vitunguu.

SHAURI LA MWISHO

Mkulima hawezi kuuona utando wa mafuta wa mzizi, lakini yeye ndiye anayeamua kama utando huo utasimama au utavunjika. Akitoa maji yaliyotuama, ameupa mzizi hewa ya kuendesha pampu zake. Akileta jasi mahali panapoihitaji, ameleta kamba ya kufungia. Akipanda ngano mahali ambapo maharage hayawezi, ameokoa mbegu ya maharage kwa shamba linaloifaa.

Kabla ya mvua zijazo, tembea shamba lako na jembe, utie alama mahali penye ukoko na mahali ambapo mazao yalikufa mwaka jana. Chota udongo wa mahali hapo. Kilo moja ya udongo iliyopimwa mapema ni nafuu kuliko debe la mbegu lililopotea.